Mama CT na Mistari Mitupu

Kwa miaka yote niliyomfahamu, sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina lake. Kwetu Lubumbashi, mwalimu wa chuo kikuu ambaye bado hajatetea tasnifu ya udaktari huitwa chef de travaux, na sisi wanafunzi tunakifupisha cheo hicho kuwa CT. Wengi hukaa nacho miaka michache, kisha wanapanda na kuwa maprofesa. Yeye alikaa nacho mpaka kikageuka jina. Tulimwita Mama CT. Wauza karanga wa mlangoni pa chuo walimwita Mama CT. Hata dada yake mkubwa, aliyeishi naye mtaa wa Bel-Air na ambaye sote tulimwita Yaya, yaani dada mkubwa, alimwita hivyo siku za hasira: "Mama CT, njo weye uliacha tena mulango ya frigo wazi?" Kwetu njo husimama mahali pa ndiyo na ndiye.

Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye mwendo wa mtu aliyesikia anaitwa. Alivaa vikwembe, yaani vitenge, vya rangi kali, vimeshonwa vizuri kabisa, na chini yake viatu vya kiume vya ngozi, kwa sababu miguu yake ilivimba na hakuona haya. Mfukoni alikuwa na karanga zilizofungwa kwenye karatasi za mitihani ya zamani. Ukitafuna karanga zake uliweza kusoma makosa ya mtu aliyemaliza shule kabla yako.

Somo lake lilikuwa na jina refu la Kifaransa kwenye ratiba. Siku ya kwanza hakuliandika ubaoni. Alituangalia tu, akasema:

"Bintu binapita mbele yako. Habitarudia. Weye uko na kichwa kidogo, na kuko muntu anakuuliza swali. Utamujibu namna gani?"

Tulidhani anatania. Kumbe lile ndilo lilikuwa somo zima. Kuna habari zinazoingia katika mashine mfululizo, fomu baada ya fomu, kila moja na sehemu zake, na ndani ya sehemu kuna sehemu nyingine. Mashine haina nafasi ya kuziweka zote kisha izipekue kwa starehe. Lazima isome mara moja, zikiwa zinapita, na mwishoni iwe na jibu. Watu wa nchi tajiri, alisema, wakikwama huiongezea mashine kumbukumbu kwa pesa. "Shiye tutatumia akili. Haiko sababu tuko baskini. Ni juu iko muzuri."

Mwaka ule tulikuwa wasichana watatu darasani, na akaniita mimi mbele. Akaniketisha kwenye kiti na ubao mdogo wa mkononi, ule wa watoto wa shule ya msingi, na kipande cha chaki. Wenzangu akawapanga mstari. Kila mmoja alishika kadi ya nyumba moja: nani anakaa humo, umri wake, kazi yake. Walipaswa kupita mbele yangu mmoja mmoja, wasome kwa sauti, waende. Swali lilikuwa moja: ni nyumba zipi zenye mtoto wa chini ya miaka mitano na hakuna mtu mzima mwenye kazi?

Niliandika kila kitu. Majina, umri, hata jina la mbwa, maana mwenzetu mmoja mchokozi aliongeza mbwa. Nyumba ya sita ubao ulikuwa umejaa. Nikaanza kufuta kwa mkono wa blauzi, darasa likacheka, watu wakaendelea kupita.

"Uliandika bingi, mwana," akasema. "Jibu iko wapi?"

"Sijajua, Mama. Bado bantu banapita."

"Basi futa yote. Kila nyumba, jiulize: swali yangu inataka nini kwako? Ile tu njo unashika. Nyumba ikisha kujulikana, iko ndani ao iko inje, unaiachilia. Usiifuate na macho."

Tulirudia. Safari hii nilikuwa na alama mbili tu kwa kila nyumba, moja ya mtoto na moja ya kazi, na nilizifuta nyumba ilipokwisha. Nilipata jibu. Hakunisifu. Alinipa karanga, akaendelea na somo kana kwamba hakuna kilichotokea, na mimi nikarudi mahali pangu mkono wa blauzi umejaa chaki, nikijua nimepata kazi ya maisha yangu.

Hata hivyo mwisho wa mwaka aliniangusha. Nilikuwa nimekimbia katika mtihani, nikaacha swali la mwisho bila kulisoma vizuri. Baba yangu alikuwa fundi cherehani mtaa wa Kamalondo, mtu wa familia ya Maniema, mkimya, mwenye kofia yake ya Ijumaa anayoivaa siku zote. Aliposikia nimeanguka alirudi kwenye cherehani yake, akashona siku mbili. Siku ya tatu Mama CT akaingia mwenyewe karakanani kwetu, akipita kati ya vitambaa na viatu vyake vya kiume, akasimama mbele ya cherehani.

Baba akamuuliza bila salamu ndefu, "Mama, mutoto yangu eko mujinga?"

"Apana, papa. Eko na haraka. Ujinga, dawa yake sijui. Ya haraka, ninayo."

Baba alicheka mpaka akavua kofia. Tangu hapo baba ndiye aliyemshonea nguo zake zote, na kila mara alipomaliza walibishana kuhusu mikono, mipana au myembamba, kama watu waliokulia nyumba moja. Nilirudia mwaka. Hakuna mwanafunzi mwingine ninayemjua ambaye mwalimu alimfuata kwao kueleza kwa nini amemwangusha.

Lakini nisimfanye malaika. Alikuwa mkali kupita kiasi. Aliyechelewa dakika moja alibaki nje, hata kama mvua ilikuwa imefunga barabara. Yeye mwenyewe kanisani hakuwahi kufika kabla ya mahubiri. Nilipomuuliza, alisema Mungu hana ratiba ya saa mbili mbili. Na huyu aliyetufundisha kuachilia, nyumbani kwake hakuweza kuachilia hata kizibo cha chupa. Sebule ya Bel-Air ilikuwa na mitihani ya miaka ishirini, kalenda zilizopitwa, redio zisizosema, na kopo la funguo ambazo milango yake ilishabomolewa. Yaya alilalamika kwa kila mgeni.

"Ku mashine anafundisha bantu kutupa. Ku nyumba yangu analeta uchafu."

"Mashine haiko na yaya," alijibu Mama CT bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu.

Sasa nieleze habari ya Kasenga, kwa sababu bila hiyo mtu atamfahamu nusu.

Ilikuwa msimu wa mvua, nikiwa mwaka wa mwisho. Kipindupindu kilikuwa kimeingia kando ya mto Luapula, upande wa Kasenga. Ofisi moja ya afya hapa mjini ilikuwa ikipokea fomu kutoka vituo vyote vya upande ule, kwa njia ya simu, moja baada ya nyingine mchana kutwa. Kila fomu ilikuwa na jina la mgonjwa, mtaa wake, maji anayokunywa, dalili, na matokeo ya kipimo. Ofisi ilitaka jibu la haraka: ni nani ana ugonjwa, na anakaa wapi, ili wauguzi wafike kwake na dawa na waangalie maji yake. Mashine yao ilikuwa nzee. Programu waliyopewa ilitaka imeze kwanza fomu zote za siku ndipo ifikiri, na kila ikifika mchana ilikuwa inakufa. Walimwita Mama CT. Akanichukua mimi nimsaidie.

Aliandika programu mpya kwa siku nne. Ilisoma fomu ikipita, ikashika kile tu ambacho swali linakihitaji, ikatoa jina palepale. Ile mashine nzee ikaacha kukohoa. Daktari wa ofisi, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimshika mikono yote miwili. Wauguzi wakaanza kufika nyumbani kwa watu siku ileile fomu ilipotumwa.

Kulikuwa na jambo moja dogo. Katika orodha ya wagonjwa, mara chache, ulitokea mstari mtupu: matokeo yanasema ndiyo, lakini pa jina hakuna kitu. Niliuona wa kwanza nikamwonyesha.

"Ni rezo," akasema. Mtandao ulikuwa mbaya kweli, na fomu nyingine zilifika zimekatika. Nami nikakubali.

Kesho yake ukaja mwingine. Siku ya tatu tukiwa tumekaa, yeye anatafuna karanga, ukaja wa tatu. Akaacha kutafuna. Akasogeza kiti mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Yote mitatu inatoka kituo kimoja," akasema polepole. "Rezo haichaguake kituo." Kisha akasimama. "Ile haiko rezo. Ile iko muntu."

Aliona kosa lake kwa muda usiozidi kumeza mate. Katika fomu alizoonyeshwa mwanzoni, matokeo yaliandikwa juu na jina chini. Basi programu yake ilifanya hivi: jina likipita na hakuna matokeo ya ndiyo yaliyotangulia, huyu si mgonjwa, mwachilie. Lakini muuguzi wa kituo kimoja cha Kasenga alikuwa mtu makini. Aliandika jina kwanza mgonjwa alipoingia, na matokeo mwisho kabisa, kipimo kilipokuwa tayari. Jina lilipita, likaachiliwa. Ndiyo ikafika nyuma yake ikakuta hakuna mwenyewe.

Tulipiga simu kituoni. Haikupatikana. Tukapiga tena. Mama CT akavua miwani, akaifuta na kikwembe, akaivaa, akamwambia daktari, "Nipatie motokari."

"Mama, nitatuma mtu kesho asubuhi."

"Kesho iko mbali. Niliwatupa mimi, nitawaokota mimi."

Tuliondoka saa hiyohiyo na dereva wa ofisi. Njiani aliangalia mbele tu. Nilikuwa nimemzoea akigombana na madereva wa malori; safari hii aliwaacha wapite. Mara moja tu aliniuliza, "Ule mustari wa kwanza, weye ulifikiri ni nini?" Nikasema, "Nilifikiri vile ulisema, Mama." Akatikisa kichwa. "Njo makosa yangu ya pili ile."

Tulifika mchana ukielekea jioni. Muuguzi alitupokea na daftari lake, maandishi yake safi kama ya mtawa. Alitafuta siku na saa za mistari yetu mitatu. Mtu wa kwanza, mzee wa kutengeneza mitumbwi, alikuwa amerudi mwenyewe kituoni na sasa alikuwa amelala pale kwenye kitanda cha tatu, anaendelea vizuri. Wa pili pia aliletwa na wanawe. Wa tatu alikuwa mama mmoja mkausha samaki wa karibu na bandari. Alipimwa siku mbili kabla, akachoka kungoja majibu, ambayo yalitoka asubuhi ile tu, akaenda kwake. Hakurudi.

Muuguzi alitutangulia kwa miguu. Mama CT alivua viatu vyake vya ngozi kwa sababu ya matope, akavibeba mkononi, akatembea pekupeku kati ya matanuri ya kukaushia samaki. Moshi ulituchoma macho. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo kwa dua zote alizonifundisha baba.

Mama yule alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya mlango, ameegemea ukuta, amekonda, midomo imekauka, lakini macho yake yalikuwa yanaona. Jirani yake, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, alikuwa akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko siku mbili nzima, mchana na usiku, kwa sababu aliwahi kuona wakifanya hivyo hospitali. Muuguzi alipiga magoti akampima mapigo ya moyo, akageuka akatuambia, "Atapona. Tumupeleke tu sasa."

Mama CT akapiga magoti palepale kwenye tope na kikwembe chake kizuri.

"Mama," akasema, "ninakuya kukuomba pardon."

Yule mama akamwangalia, akamwangalia jirani yake, akarudi kwake. "Miye sikujue. Unaniomba pardon ya nini?"

"Jina yako ilipita mbele yangu. Ilikuwa mu mikono yangu. Nikaiachilia."

"Jina yangu?"

Mama CT akalitaja. Jina la ubatizo, la ukoo, na lile alilorithi kwa bibi yake, yote matatu, kama yalivyoandikwa kwenye daftari. Yule mama akatabasamu na midomo yake iliyopasuka.

"Njo miye," akasema. "Basi si ulikuya. Unalilia nini?"

Ndipo nikaona kwamba analia. Tulimbeba mama yule mpaka kituoni, dereva na muuguzi na sisi, na jirani nyuma na kijiko chake, hakutaka kukiacha. Siku ya tatu alikuwa anakula uji. Tulipoondoka alimwamuru jirani atufungie samaki wakavu, na motokari ilinuka samaki mpaka Lubumbashi. Kila mwaka baada ya hapo, mvua zikianza, Mama CT alipata sababu ya kwenda Kasenga. Alisema anaangalia fomu. Walikuwa wanakaa pamoja, yeye na yule mama, kando ya moshi wakisema mambo ya miguu iliyovimba.

Programu aliirekebisha upesi: jina lishikwe mpaka fomu ifungwe kabisa, ndipo liachiliwe. Lakini kilikuwepo kitu kingine ambacho hakikurekebika kwa siku mbili. Tasnifu yake ya udaktari ilikuwa imekwisha kuchapishwa, tarehe ya kuitetea imetangazwa. Sura ya nne ilithibitisha kwamba njia yake, ileile ya programu ya kwanza, haipotezi jibu lolote na haihitaji kumbukumbu zaidi ya kiasi fulani kidogo. Uthibitisho ule ulisimama juu ya fomu zinazokuja kwa mpangilio mmoja. Ukishika jina mpaka mwisho, na fomu ikawa ndefu, au muuguzi akaiacha wazi akaenda kumzalisha mtu, kile kiasi kidogo hakina ukweli tena.

Profesa aliyemwongoza alimwita ofisini. Nilikuwa mlangoni na marundo ya karatasi, nikasikia.

"Ongeza mstari mmoja tu," profesa alimwambia. "Andika kwamba tunachukulia matokeo yanatangulia jina. Hiyo ni hypothèse. Kila mtu anafanya hivyo. Wiki ijayo utakuwa daktari."

"Ninajua, Prof. Ingekuwa mwaka uliopita ningeiandika."

"Basi?"

"Basi niliona muntu mwenye haingie mu hypothèse ile. Anakaushaka samaki."

Aliiondoa tasnifu. Alisema ataandika sura ile upya. Aliifanyia kazi miaka, kati ya madarasa na mitihani na miguu yake, na kila alipokaribia aliona mlango mwingine ulio wazi katika uthibitisho wake. Profesa yule alistaafu, mwingine hakupenda mada ile. Watu aliowafundisha wakawa madaktari, wakampita kwenye korido wakiwa na majoho. Aliwapigia vigelegele, vya kweli. Mimi mwenyewe nilitetea yangu, juu ya jambo lilelile, na katika kurasa zangu kuna ukurasa mmoja unaofunga ule mlango wake wa mwisho. Niliupata kwa kukaa naye jioni nyingi pale sebuleni, kati ya redio zisizosema. Nilitaka kuandika jina lake juu ya ukurasa ule. Alikataa. Akaniambia niandike jina la kituo cha Kasenga.

Mwaka huu nilikwenda kumwona Bel-Air. Ameshastaafu. Nilipita mchana, nikiwa natoka chuoni kwenda kazi nyingine, nikasema nitakaa nusu saa. Alikuwa uani anachambua maharage, miguu juu ya kigoda, hana viatu. Tulisema habari za baba na macho yake, na za mwanafunzi mmoja wa Kolwezi aliyemtumia kazi yake kwenye simu bila kumjua, naye akairudisha na makosa yote yamepigiwa mstari. Alicheka sana juu ya hilo. Kisha nikamuuliza neno ambalo nilikuwa nimelimeza miaka mingi.

"Mama, ile tasnifu. Unaijutiaka?"

Nilidhani atasema hapana. Au atanifukuza. Aliendelea kuchambua maharage, akatupa jiwe dogo, akafikiri.

"Siku ya kwanza ya juma," akasema.

"Namna gani?"

"Kila siku ya kwanza. Njo siku baprofesa banafanyaka conseil, mukutano yabo. Banaingia mu salle, banafunga mulango, na miye niko inje na bapapier zangu. Miaka yote ile. Hata sasa niko ku nyumba, ikifika siku ya kwanza, saa hii, ninasikia ule mulango." Akainua macho akaniangalia, bila huzuni kubwa, kama mtu anayekuonyesha mahali panapomuuma ili usipakanyage. "Siku zingine, apana. Siku zingine ninalala muzuri."

Yaya akaita kutoka jikoni kwamba chakula kiko tayari, na kama kuna mgeni aseme sasa, asije akasingizia baadaye kwamba hakukaribishwa.

Ilikuwa Jumatatu, siku ya kwanza ya juma. Nilipiga simu kazini, nikawaambia leo sitafika, nikavuta kiti karibu na chake, tukamaliza maharage pamoja.